Mkakati wa TEHAMA kwa biashara ndogo: anza na daftari la madeni, kompyuta itafuata

Neno mkakati limesikika sana kwenye semina na hotuba, hadi mwenye duka akilisikia anaona halimhusu. Anadhani ni mambo ya benki, ya wizara, ya kampuni zenye idara nzima ya watu wa kompyuta. Upande wa pili wapo vijana wanaopita duka kwa duka wakiuza mifumo, kila mmoja akiapa kwamba wake ndio utakaokomesha wizi, kupandisha mauzo na kumaliza kero za kodi. Katikati hapo mfanyabiashara anabaki na maswali yasiyojibiwa kwa lugha ya kawaida: ninunue nini, nianze na kipi, na nikishanunua nitajuaje kama hela yangu haikupotea?

Tuweke maneno sawa kwanza. TEHAMA ni teknolojia ya habari na mawasiliano: simu, kompyuta, programu, intaneti, na kila kinachobeba taarifa kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Biashara ndogo, kwa sera ya Tanzania ya mwaka 2003, ni ile yenye wafanyakazi 5 hadi 49 na mtaji unaozidi shilingi milioni 5 lakini hauvuki milioni 200; chini ya hapo huitwa ndogo sana. Mkakati wa TEHAMA ni uamuzi, ulioandikwa, kuhusu taarifa zipi biashara haiwezi kuishi bila hizo, zinakaa wapi leo, nani anazishika, na siku zikipotea duka litafunguliwaje kesho yake asubuhi. Vifaa vinakuja baada ya hapo. Anayeanza na vifaa ananunua jibu kabla hajajua swali, na fedha nyingi za wafanyabiashara wadogo zinapotelea hapo.

Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba biashara zao tayari zina TEHAMA, tena nyingi. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata. Leo kibandiko cha Lipa Namba kipo hadi kwa muuza matunda. Mashine za kutoa risiti za kielektroniki zililetwa na TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, kuanzia mwaka 2010. WhatsApp ikaja ikawa ofisi ya oda. Picha za bidhaa zikahamia Instagram. Kila kimoja kiliingia kwa mlango wake na kwa sababu yake: hiki kwa lazima ya sheria, kile kwa sababu wateja walikiomba, kingine kwa sababu jirani anacho. Hakuna siku mwenye biashara aliyokaa akaviangalia vyote kwa pamoja. Mashine ya risiti ina mauzo yake, simu ina miamala yake, daftari lina madeni yake, na jioni hesabu tatu hazikubaliani.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro. Linauza saruji, nondo, mabati, rangi, misumari na mabomba. Lina watu saba: mwenyewe, keshia, wauzaji wawili, mtunza stoo, dereva wa kirikuu na kijana wa kupakia. Wateja wake wakubwa ni mafundi, na mafundi wengi huchukua kwa mali kauli: wanabeba leo, wanalipa mwenye nyumba akishawalipa wao.

Mwenye duka hili akiulizwa anahitaji teknolojia gani, huenda akataja kompyuta, kamera na tovuti. Sasa tufuate mfuko mmoja wa saruji. Unashuka kwenye lori na mtunza stoo anaandika kwenye karatasi. Unauzwa, keshia anatoa risiti. Fundi akichukua kwa mali kauli, muuzaji anaandika jina kwenye daftari, wakati mwingine jina la utani tu, bila namba ya simu. Dereva anaupeleka eneo la ujenzi na kurudi bila saini ya aliyepokea. Mwezi ukiisha mwenye duka anajua ameuza kiasi gani, kwa sababu mashine ya risiti inamwambia. Hajui nani anadaiwa nini kwa uhakika, hajui stoo ina mifuko mingapi bila kuihesabu, na hajui ni bidhaa gani zimelala miezi sita zikiwa zimeshika mtaji wake.

Duka hili linavuja sehemu mbili: kwenye madeni na kwenye stoo. Tovuti haizibi hata moja. Kamera inaweza kusaidia kidogo stoo, lakini mfuko uliotoka mlangoni mchana kweupe kwa jina la fundi asiyejulikana kamera itauonyesha ukitoka vizuri tu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mkakati wa duka hili ni daftari la madeni: kila anayekopa awe na jina kamili, namba ya simu, kiasi, tarehe na saini. Hilo linawezekana kuanza kesho kwa kalamu.

Wanaotoa ushauri wa teknolojia huruka hatua hii kwa sababu haiuzi kitu. Mimi naiona ndiyo kazi nzito kuliko zote. Mfumo wa kompyuta unachukua utaratibu uliopo na kuuharakisha. Kama utaratibu wenyewe ni kuandika majina ya utani, utapata orodha ndefu ya majina ya utani, imepangwa kwa alfabeti. Duka likishindwa kuandika kila deni kwenye karatasi kwa mwezi mmoja, halitaliandika kwenye skrini.

Utaratibu ukishakaa, zipo ngazi. Kwanza daftari. Kisha jedwali la kompyuta, kama Excel au Google Sheets, ambalo linajumlisha lenyewe na linaweza kuonyesha madeni yaliyovuka siku thelathini. Kijana aliyemaliza sekondari na kufundishwa wiki kadhaa analimudu. Kisha mfumo wa mauzo, ambao kila kitu kikiuzwa unakipunguza stoo papo hapo. Hakuna aibu kukaa ngazi ya pili miaka miwili. Dalili kwamba umefika wakati wa kupanda ni pale watu wawili wanapohitaji kuandika kwa wakati mmoja, au bidhaa zimezidi mamia na kuhesabu stoo kunakula Jumapili nzima.

Bei nayo ipigiwe hesabu kwa miaka mitatu, isiwe bei ya siku ya kununua. Tuseme mfumo unalipiwa shilingi 50,000 kwa mwezi. Kwa miaka mitatu ni shilingi 1,800,000, na hapo hujahesabu kompyuta, betri ya kuhimili umeme ukikatika, bando na siku za kufundisha watu. Sasa weka upande wa pili. Tuseme duka linapoteza mifuko mitatu ya saruji kwa wiki na kila mfuko ni shilingi 17,000. Hiyo ni shilingi 51,000 kwa wiki, zaidi ya milioni 2.6 kwa mwaka. Hesabu ikikaa hivyo mfumo unajilipa hata ukiokoa nusu tu ya mifuko hiyo. Lakini kama upotevu ni mfuko mmoja kwa mwezi, hesabu inagoma, na muuzaji mzuri wa mifumo angekwambia hivyo.

Mifumo mingi ya siku hizi inakaa kwenye kile kinachoitwa wingu. Wingu ni kompyuta za kampuni nyingine, zilizoko mahali pengine, unazozifikia kwa intaneti na kulipia kila mwezi. Ni kama kupanga chumba: huhangaiki na bati linalovuja, lakini kabla hujalipa kodi unapaswa kujua kama siku ya kuhama utatoka na godoro na sufuria zako. Vyombo vyako hapa ni orodha ya wateja, madeni na historia ya mauzo. Muulize muuzaji kabla ya kusaini: nikiacha kulipa, nitapata taarifa zangu zote kwenye faili ninaloweza kulifungua mwenyewe? Akijikanyaga kwenye jibu, endelea kutafuta.

Wingu linatuleta kwenye umeme na mtandao, na hapa tunayo mifano hai. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za jirani. Ilichukua siku kadhaa hali kutengemaa. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa karibu saa sita, kuanzia jioni kwa saa zetu, muda ambao wauza nguo na keki wa mtandaoni hupokea oda. Aliyekuwa na namba za wateja wake kwenye simu na kwenye karatasi aliwapigia. Aliyekuwa nao ndani ya WhatsApp pekee alikaa akisubiri.

Hili halimaanishi tuikimbie mitandao. Linamaanisha kila huduma ambayo duka linaitegemea iwe na mbadala ulioamuliwa mapema na unaojulikana na kila mfanyakazi. Mtandao ukigoma, keshia anaandika kwenye kitabu kipi? Bei anaiona wapi? Malipo ya simu kwa kubonyeza nyota na reli hayapiti kwenye intaneti, yanatumia mtandao wa simu wenyewe, kwa hiyo mara nyingi yanaendelea hata intaneti ikiwa imelala. Je, keshia anajua hatua zake au amezoea programu ya simu tu? Kwa umeme, kifaa cha kwanza cha kununua baada ya kompyuta ni UPS, betri inayokupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri, na inayokinga kompyuta umeme unaporudi kwa kishindo.

Nimefika kwenye sehemu inayoniumiza zaidi, kwa sababu nimeona biashara nzuri zikiyumba kwa ajili yake: funguo. Nani anamiliki ukurasa wa Instagram wa duka? Mara nyingi ni yule dada aliyeajiriwa mwaka wa kwanza, aliyefungua akaunti kwa barua pepe yake na namba yake ya simu. Akiondoka kwa ugomvi, anaondoka na wafuasi elfu kadhaa. Anwani ya tovuti inayoishia na .co.tz imesajiliwa kwa jina la nani? La fundi aliyetengeneza tovuti, na fundi amehamia mkoa mwingine. Laini yenye Lipa Namba imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani? Cha shemeji, wakati ule NIDA ya mwenye duka ilikuwa bado haijatoka. Hakuna ubaya uliokusudiwa katika yote haya. Mambo yalifanyika haraka ili kazi iende, na hakuna aliyerudi kuyaweka sawa.

Chukua karatasi, andika kila akaunti ya biashara: barua pepe, kurasa za mitandao, mfumo wa mauzo, huduma za benki kwa simu, laini zote, anwani ya tovuti. Mbele ya kila moja andika imesajiliwa kwa jina la nani, barua pepe gani inapokea ujumbe wa kubadili neno la siri, na nani mwingine anaweza kuingia mwenye duka akilazwa hospitali. Hiyo ya hospitali watu hawapendi kuizungumzia. Lakini mjane anayeachiwa duka bila kuweza kufungua simu iliyobeba madeni ya wateja anarithi hasara. Kisha hamisha umiliki, akaunti moja moja, uwashe uthibitisho wa hatua mbili, ule unaodai namba ya ziada baada ya neno la siri. Namba hiyo haipewi mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa wa mtandao wa simu.

Ipo imani kwamba wadukuzi wanahangaika na benki tu, duka la Morogoro hawalioni. Ni kweli hawalioni, na hawana haja ya kuliona. Mashambulizi mengi hurushwa kwa maelfu ya mashine kwa pamoja na kunasa yoyote iliyoachwa wazi. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kiliingia kwenye kompyuta katika nchi zaidi ya 150 kwa kutumia kasoro ambayo Microsoft walikuwa wameshatoa dawa yake miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakusasisha. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 nayo haipati tena masasisho ya kawaida ya usalama bila malipo, na kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa kwa bei ya kutupa bado zina Windows hiyo. Kabla ya kulipia kompyuta iliyotumika, uliza kama inakubali Windows 11. Kama haikubali, hiyo bei nafuu ina sababu.

Hata hivyo, kwa duka la kwetu mwizi wa karibu zaidi huja na simu. Anamwonyesha keshia ujumbe wa malipo uliotengenezwa, au picha ya muamala wa jana, na foleni ikiwa ndefu keshia anaachia mzigo. Dawa yake haina gharama: keshia haamini simu ya mteja hata siku moja, anaangalia ujumbe na salio kwenye simu ya duka. Jumbe za "ile hela itume kwenye namba hii" nazo huwapata wafanyakazi waliozoea kupokea maagizo ya bosi kwa SMS. Wekeni kanuni kwamba hakuna malipo yanayotoka kwa ujumbe peke yake bila kupiga simu kwenye namba inayofahamika.

Nakala ya akiba ni fupi kuieleza. Taarifa muhimu ziwe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya duka. Kwa Morogoro yetu: kompyuta ya dukani, flashi au hadi-diski anayoondoka nayo mwenye duka jioni, na Google Drive. Mara moja kwa miezi mitatu jaribu kuifungua hiyo nakala na uone kama ina madeni ya wiki hii. Nakala isiyofunguliwa ni matumaini.

Sheria nayo imebadilika na wengi hawajashtuka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya walitangulia na sheria yao ya mwaka 2019. Mfanyabiashara husema, "mimi nauza saruji, taarifa za watu nazitoa wapi?" Zipo kwenye daftari la madeni: majina, namba za simu, nakala za vitambulisho alivyodai kama dhamana, ramani ya nyumba ya mteja. Kupiga picha ukurasa huo na kuurusha kwenye kundi la WhatsApp ili kumwaibisha fundi asiyelipa, jambo linalofanyika sana, kunaweza kumfikisha mwenye duka pabaya. Kusanya unachohitaji tu, kifungie, na mteja akikuuliza unacho nini chake uweze kumjibu.

Kwa upande wa kodi, mkakati uhakikishe mauzo yaliyoko kwenye mfumo, kwenye mashine ya risiti na kwenye simu yanalingana, maana mkaguzi akija atazilinganisha. Kenya wamekaza zaidi: tangu 1 Januari 2024 matumizi ya biashara yasiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya Kenya, ukiacha yale yaliyosamehewa, hayakubaliki kupunguza kodi ya mapato. Duka la Namanga, mpakani, linalouzia wafanyabiashara wa upande ule linapaswa kulijua hilo.

Kuhusu akili mnemba, ambayo sasa kila muuzaji anaitaja: inaandika tangazo zuri la rangi mpya na inamjibu mteja kwa Kiingereza safi. Haijui stoo yako ina nini kama wewe mwenyewe hujui. Na usiibandikie orodha ya wadaiwa wako ikupangie. Hizo ni taarifa za watu.

Mkakati wenyewe, ukiandikwa, ni kurasa mbili kwa biashara ya watu saba. Kwa duka letu ungesema hivi: miezi miwili ya kwanza kusafisha daftari la madeni na kurekebisha funguo zote, bila kununua chochote. Mwezi wa tatu na wa nne, kununua kompyuta moja na UPS, na keshia kufundishwa jedwali, huku daftari likiendelea sambamba. Kuanzia mwezi wa tano, stoo kuhesabiwa kila Jumamosi na tofauti kuandikwa, kwa sababu bila namba hizo mwenye duka hatajua kama mfumo utakaokuja umesaidia. Atajwe mtu mmoja wa kuulizwa kuhusu haya, na asiwe fundi wa nje. Mwenyewe naye akubali kuuza kupitia utaratibu uleule. Bosi anayechota misumari stoo bila kuandika anawafundisha wote kwamba kuandika ni hiari.

Mwezi wa tisa ndipo waitwe wauzaji wa mifumo, watatu, kila mmoja siku yake. Wasiletewe maswali ya jumla. Wapewe orodha ya bidhaa hamsini halisi za dukani na kazi za kufanya mbele ya keshia: uza nondo kwa kipande na kwa tani, andika mali kauli ya fundi anayelipa kidogo kidogo, rudisha bati lililokunjika, kisha zima intaneti na uendelee kuuza. Mwisho kabisa, waombwe watoe taarifa zote walizoingiza asubuhi ile ziwe faili kwenye flashi ya mwenye duka, naye akalifungue kwenye kompyuta nyingine.